Kabla Hujanunua Ndoo ya Rangi: Mazungumzo na Wakaazi wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumze juu ya unyevu wa kuta kabla masika hayajaingia, na najua wengi wenu mmekuja kutaka jina la rangi. Kila mwaka ni hivyo. Ukuta umebabuka, umeota koga, Ramadhani inakaribia au kuna harusi, basi mtu anakwenda Darajani ananunua ndoo, anamwita kijana, kijana anapiga mikono miwili. Haipiti miezi mitatu rangi imefura na kupasuka, na chini yake unga mweupe unamwagika sakafuni. Mwenye nyumba anamlaumu kijana, kijana anailaumu rangi, na mwaka unaofuata wanaanza upya.

Mimi sina jina la rangi la kukupeni. Nina maswali mawili tu: maji haya yanaingilia wapi, na yanatokea wapi? Asiyekuwa na majibu yake asimwite fundi yeyote, hata mimi asiniite, maana atatupa pesa yake.

Tuanze na ukuta wenyewe. Nyumba zetu, Shangani mpaka Malindi, Vuga mpaka Kiponda, nyingi zilijengwa karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na mchanga. Ukuta una unene wa nusu mita, pengine zaidi, lakini msidhani ni jiwe tupu mule ndani. Kuna uso wa mawe wa nje na uso wa mawe wa ndani, na katikati wazee walijaza vifusi: mawe madogo, udongo, chokaa kidogo. Jiwe lenyewe limejaa vitundu, na asili yake ni baharini. Hakuna karatasi ya nailoni iliyotandikwa juu ya msingi kama wanavyofanya wanaojenga kwa matofali siku hizi. Waliojenga walijua kwamba maji yatapanda kidogo kutoka ardhini, kwa sababu vitundu vidogo vya jiwe na udongo vinavuta maji juu bila pampu wala bomba. Hawakujaribu kuyazuia. Hesabu yao ilikuwa kwamba yatakayoingia yatatoka, kwa njia ya plasta ya chokaa, jua likipiga na upepo ukipita.

Na hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Nendeni Kilwa Kisiwani, nendeni Songo Mnara. Zile ni kuta za matumbawe na chokaa kama hizi zetu, zimenyeshewa bila paa kwa mamia ya miaka, na bado pahala pengine plasta yake unaiona imeshika. Kwa hivyo mtu akikwambia nyumba yako ina unyevu kwa sababu ni ya mawe ya kale, mwambie hujamaliza kutazama.

Kilichoivuruga hesabu ni saruji. Siisemi saruji kwa ubaya. Nimejengea nayo na nitajengea tena, kwenye nyumba za matofali huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Tangu kiwanda cha Wazo Hill kianze kazi mwaka 1966 saruji imekuwa karibu, inakauka kesho, na fundi yeyote anaijua. Chokaa inataka subira. Basi palipobabuka chokaa tukaziba kwa saruji. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe letu, na imebana. Ukuta unapojinyoosha na kujikunja kwa joto na maji, wenyewe unacheza kidogo, saruji haichezi, inapasuka nyufa nyembamba. Mvua inaingia kwa nyufa zile, na ikishaingia haina pa kutokea. Mtu aliyezoea kanzu ya pamba umemvisha koti la mpira, halafu unashangaa anatota jasho.

Sasa angalieni jambo hili, maana wengi mnalo nyumbani na hamjui sababu yake. Alama ya unyevu ilikuwa usawa wa goti. Mkapiga plasta ya saruji mpaka usawa wa kiuno ili kuifunika. Mwaka mmoja umekwisha, alama imetokea upya juu ya saruji, usawa wa kifua. Mkaongeza saruji mpaka kifuani. Ikatokea usawa wa kichwa. Maji hayakuongezeka. Yalikuwa yanatoka pale chini polepole, mkayafungia mlango, yakapanda kutafuta pengine pa kutokea. Kuna nyumba nimeingia saruji imefika mpaka kwenye boriti. Hapo tena si suala la sura ya ukuta, na boriti nitazisema baadaye.

Halafu kuna chumvi. Hii ndiyo inayowachosha watu, kwa sababu hata ukishaziba kila tundu bado inakusumbua. Chumvi yetu inatoka kila upande: imo kwenye jiwe, imo ardhini, inakuja na upepo wa bahari, na mara nyingi imeletwa na fundi mwenyewe ndani ya mchanga wa pwani. Maji yanaiyeyusha, yanaibeba mpaka usoni mwa ukuta, yanakauka yao, chumvi inabaki. Inapoganda inatanuka ndani ya vitundu na kuusukuma uso wa plasta nje. Ule unga mweupe ndio huo. Na kuna la pili: chumvi hii ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwenda juu, inaanza kunywa maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Hewa ya kisiwa hiki inapita hapo mara nyingi, asubuhi khasa. Ndiyo maana mtu anakuja kuniambia, "Fundi, mvua haijanyesha, bomba halivuji, na ukuta unatoka jasho." Anasema kweli. Ukuta wake umejaa chumvi, na chumvi inakunywa hewa.

Chumvi hiyo msiioshe kwa maji! Naona wengine wanatikisa kichwa, lakini ndivyo. Ukiosha unairudisha ndani. Isugue kavu, kwa brashi ngumu isiyokuwa ya chuma, ikusanye chini kwenye gazeti, itoe nje ya nyumba. Kisha piga plasta ya chokaa tupu na mchanga wa shamba uliooshwa, ukijua kwamba plasta ile ya kwanza unaitoa kafara. Itavuta chumvi, itaharibika baada ya miaka michache, utaibomoa na chumvi yake na kupiga nyingine. Watu hawapendi kusikia haya kwa sababu ni kulipa mara mbili. Lakini mwenye kupaka rangi kila mwaka ameshalipa mara ngapi?

Haya, maji yanaingilia wapi? Mimi huwaambia watu waanzie juu, ingawa macho yote yako chini.

Paa za nyumba hizi mwanzo zilikuwa bapa, sakafu ya mawe na chokaa iliyopigwa, na baadaye nyingi zikafunikwa kwa mabati. Mabati yakaacha kona ambazo hazikuwepo: pale yanapokutana na ukuta wa jirani, na pale yanapoangukia ndani ya ukingo wa ukuta wenu, katika ule mfereji mwembamba ambao hakuna anayeuona mpaka apande. Humo ndimo kunguru wanamotupa mifupa, majani yanaoza, mpira wa mtoto umekwama, na hatimaye unaota mti. Mvua ya Aprili ikishuka, mfereji unajaa, maji yanamwagikia ndani ya kichwa cha ukuta, katikati kabisa, kwenye vile vifusi vya udongo. Udongo unalainika na kushuka. Ukuta unaanza kutoa tumbo upande wa njiani. Huwezi kuyaona maji yale chumbani mpaka yamefanya kazi kubwa.

Mti nao msiufanyie mzaha. Mtini mdogo uliochipua ukutani unapendeza kwa watalii wenye kamera, lakini mizizi yake inakwenda palipo na maji na inayatenga mawe. Ukikata shina tu unachipua tena. Mzizi lazima uuawe, na ulioshika mawe using'olewe kwa nguvu, maana utang'oka na ukuta wake.

Ya pili ni mabomba na vyoo. Nyumba hizi zilijengwa na chumba cha kuogea kimoja au viwili, vimepangwa juu ya vyenzake ili maji yashukie pahala pamoja. Leo nyumba hiyo hiyo wanaishi jamaa wanne, kila jamaa ana choo chake, au imekuwa hoteli na kila chumba kina bafu. Bafu limewekwa juu ya boriti za mkoko, likatandikwa saruji na vigae, na bomba likapitishwa ndani ya ukuta. Kiungo kimoja kikilegea, tone kwa tone usiku na mchana, kinaingiza maji mengi kuliko mvua. Ukiona doa la mviringo katikati ya ukuta, masika na kiangazi liko pale pale, usitafute mvua. Funga mabomba yote ya nyumba usiku, ila usifunge mkondo unaoingia, kisha tazama mita. Ikitembea na hakuna aliyefungua bomba, umeshapata jibu. Na viyoyozi: maji yanayodondoka kwenye kile kibomba cha plastiki yanapiga ukuta ule ule, saa zote. Kurefusha kibomba mpaka kwenye mfereji ni pesa ndogo kuliko zote nitakazozitaja leo.

Kisha ardhi. Mji huu umekaa kwenye rasi, na upande wa Darajani palikuwa na mkono wa bahari uliofukiwa karne ya 20. Maji ya chini hayako mbali, ndiyo maana nyumba nyingi zilikuwa na visima vyake. Hilo hatuliwezi. Tunaloliweza ni makaro yanayovuja chini ya kuta, mifereji ya njiani iliyoziba, na njia zinazotandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka nyumba zingine leo unashuka daraja kuingia ukumbini. Njia ikipanda, mguu wa ukuta unakuwa chini ya maji. Baraza za nje zinasaidia sana hapa, maana mvua inayodunda njiani inalipiga baraza kabla ya kuufikia ukuta. Mwenye kutaka kuvunja baraza apanue mlango wa duka, avunje akijua anachokivunja.

Unyevu wa hewa ya ndani nitaupitia upesi. Koga nyeusi kwenye kona, nyuma ya kabati, nyuma ya picha, mara nyingi haitoki ndani ya ukuta. Ni mvuke wa kupika, wa kuoga na wa nguo zilizoanikwa chumbani, umekutana na ukuta wa baridi. Kipo kipimo cha nyumbani: chukua karatasi ya foili ya jikoni, ukubwa wa daftari, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, iache siku mbili. Ikitota upande wa chumbani, ni hewa. Ikitota upande wa ukutani, maji yamo ukutani. Kama ni hewa, fungua madirisha mchana jua linapowaka na upepo unapita, funga usiku hewa inapolowa, na kabati lisukume mbali na ukuta kiasi cha kiganja.

Sasa boriti, kama nilivyoahidi. Upana wa vyumba vyetu, mita 3 hivi, unatokana na urefu wa boriti ya mkoko. Ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta. Ukuta ukitota, ncha inatota, na ncha iliyofunikwa haioni hewa. Inaoza pole pole na mchwa wanaifuata. Ukiitazama katikati ya dari boriti ni nzima kabisa, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Chukua bisibisi, panda ngazi, ichome pale inapoingia ukutani. Ikizama bila kazi, ondoa watu na vitu vizito ghorofa ya juu yake siku hiyo hiyo, uweke nguzo za kushikilia, ndipo umwite fundi. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafariki. Sababu za pale zina wachunguzi wake, mimi sizisemi. Nasema tu kwamba jumba la mwaka 1883 linaweza kusimama mbele ya macho yetu kila siku, tukapiga picha mbele yake, na tusijue kinachoendelea ndani ya kuta.

Kazi ipangwe vipi? Wiki hizi kabla ya masika, paa na mifereji, basi. Msiguse plasta. Masika yakishuka, ingieni kila chumba na penseli, mchore mpaka wa kila doa na muandike tarehe. Kuanzia Juni, kusi linavuma na mvua zimepungua, hapo bomoeni saruji. Kwa tindo na nyundo, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kutetemesha inang'oa mawe na saruji yake. Ukuta uliotoa tumbo usibomolewe kitu mpaka umeegemezwa. Kisha uacheni wazi. Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa sababu ukuta wazi ni mbaya kuutazama na majirani wanauliza. Makadirio ya mafundi wa majumba ya mawe ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Piga hesabu yako kwa ukuta wa nusu mita. Si lazima ungoje wote ukauke, chokaa itaendelea kuutoa unyevu, lakini kiangazi kizima uupe.

Chokaa yenyewe, ulizeni imetoka wapi. Matumbawe yanachomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi, yanatiwa maji, yanachemka yenyewe, kisha yanalowekwa shimoni. Iliyolala miezi mitatu ni laini na inashika. Iliyoharakishwa ina vipande visivyokufa, yaani ambavyo maji hayajaviingia, na vitafura baadaye ndani ya plasta yako. Anayeizima, yaani anayeitia maji, avae miwani, inapofusha. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tabaka nyembamba za sentimita moja, na kila tabaka lifunikwe magunia ya maji siku kadhaa. Najua inasikika kinyume, kwamba tunakausha ukuta halafu tunautia maji. Chokaa haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inataka unyevu kidogo. Ikikaushwa na jua kwa siku moja inabaki unga. Juu yake paka maji ya chokaa, mikono minne au mitano myepesi. Wengine hutia chumvi ili ishike. Kwa nyumba zetu tafadhalini msitie. Na rangi ya mafuta isiguse.

Wanaokuja na dawa za kudunga ukutani, wakitoboa mashimo kwa safu chini ya ukuta, waulizeni dawa itapita vipi katika vifusi vile vya katikati, ambavyo vina mashimo na udongo na mawe bila mpangilio. Kwenye tofali lililonyooka pengine. Kwenye ukuta wetu sijaiona sababu ya kulipia.

Nimebakiwa na la gharama, na hapa Sheha itabidi anisaidie. Paa la nyumba ya jamaa wanne ni la nani? Wa juu anasema yeye mpangaji tu. Wa chini anasema havujiwi. Nyumba ni ya serikali, au ya wakfu, au ya warithi kumi na saba na watano wako Maskati. Wakati huo mfereji umeziba. Mimi sioni haja ya kungoja mwenye mali aamue jambo la kusafisha mfereji wa paa. Ni ngazi, mwiko na gunia, asubuhi moja. Kazi kubwa ndiyo ina taratibu zake, na Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, lazima itoe ruhusa kabla hamjabomoa wala kujenga. Msiwaone kama askari. Ombi likiwa na picha, na ile michoro ya penseli ya masika, mnaongea nao lugha moja.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa, sijui cha nani: "Ukuta wangu ni mmoja na wa jirani, na maji yanatoka kwake. Yeye hataki kusikia." Ndugu yangu, usianze na maneno ya nani alipe. Mwombe akuruhusu ubandike foili upande wake pia, siku zile zile unazobandika upande wako, kisha mzibandue pamoja yeye akiwa amesimama. Na kama ni bomba lake, mwambie afunge mabomba yake yote usiku mmoja, mtazame mita yake mkiwa wawili. Akikataa hata hilo, nenda kwa Sheha, na uende na picha zenye tarehe.